Nakuru ilipokuwa nchini Uganda: Kisa cha mpaka uliohamishwa kwa kalamu mwaka 1902

MSAFIRI atokaye Nairobi kuelekea Nakuru kwa barabara kuu hufika mahali ambapo ardhi humkatikia ghafla mbele ya macho. Ni pale ukingoni, baada ya kuipita Limuru, ambapo wachuuzi hutundika ngozi za kondoo na vikapu kando ya barabara, na watalii husimama kupigwa picha huku Mlima Longonot ukionekana chini bondeni. Wengi husimama hapo, wakastaajabia mandhari, wakaendelea na safari. Ni wachache mno wanaojua kwamba mwanzoni mwa karne iliyopita nchi ambayo baadaye ingeitwa Kenya ilikomea karibu na ukingo huo. Aliyeteremka bondeni alikuwa ameingia Uganda.

Hilo si fumbo wala masimulizi ya wazee wanaopiga soga. Hadi Machi 31, 1902, Naivasha, Elementaita, Nakuru, Njoro, Molo, Eldama Ravine, Kericho, nyanda za Uasin Gishu, nchi ya Wanandi, Mumias na Kisumu zote zilikuwa katika Mkoa wa Mashariki wa Himaya ya Uganda. Siku iliyofuata, Aprili 1, zikawa sehemu ya Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza, ambayo mwaka 1920 iligeuzwa kuwa Koloni ya Kenya. Hakuna risasi iliyofyatuliwa kwa ajili ya badiliko hilo. Hakuna kura iliyopigwa, na hakuna mzee wa Kimaasai, wa Kinandi, wa Kiluo wala wa Kiluhya aliyeulizwa maoni yake. Lakini miaka 74 baadaye badiliko hilohilo nusura liitumbukize Afrika Mashariki vitani.

Wajerumani watangulia

Ili kuelewa ni vipi Nakuru ilijikuta Uganda, yafaa kurudi nyuma kidogo hadi wakati ambapo haikuwa bado imeamuliwa kama eneo hili lingekuwa la Waingereza au la Wajerumani.

Mzungu wa kwanza kuandika habari za Ziwa Naivasha baada ya kuliona kwa macho yake alikuwa Mjerumani, Dkt Gustav Fischer, tabibu aliyekuwa akiishi Unguja. Mwaka 1883 alifunga safari kutoka Pangani, akakata mbuga za Wamaasai akielekea kaskazini hadi ziwani, na hapo ndipo wenyewe walipomzuia asiendelee. Alirudi alikotoka. Jina lake limebaki katika jabali refu lililo ndani ya mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, liitwalo Mnara wa Fischer. Katika mwaka huohuo Mskoti Joseph Thomson alipita njia hiyo, na kwa ujanja wake na bahati nzuri akafanikiwa kuvuka hadi Baringo na kufika pwani ya Ziwa Viktoria. Miaka minne hivi baadaye wakafuata Hesabu Samuel Teleki, Mhangari, pamoja na Luteni Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la majini la Austria, ambao mwaka 1888 walilifikia ziwa lililo kaskazini na kulipa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf. Ndilo Ziwa Turkana la leo.

Mnamo Novemba 1, 1886, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana maeneo ya kila mmoja. Mstari ulichorwa kuanzia pwani, karibu na Vanga, ukaambaa upande wa kaskazini wa Kilimanjaro na kuukunja mlima huo kuingia upande wa Wajerumani, kisha ukanyooshwa hadi ufuo wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Mstari huo ndio mpaka wa Kenya na Tanzania hadi leo. Uliwapasua Wamaasai vipande viwili, na wao hawakuwa na habari.

Kasoro ya mkataba huo ni kwamba ulikomea ziwani. Nchi zilizo ng'ambo, Buganda ikiwa ya kwanza, ziliachwa bila mwenyewe machoni pa Wazungu. Aidha, Wajerumani tayari walikuwa wameikalia Witu, karibu na Lamu, tangu mwaka 1885. Kwa hivyo wangeweza kuizunguka nchi ya Waingereza kutoka kaskazini, wakapita nyuma yake na kuitia Uganda mfukoni. Aliyejaribu kufanya hivyo hasa alikuwa Carl Peters, mtu yuleyule aliyewalaghai machifu wa Usagara kwa mikataba mwaka 1884.

Peters alitua karibu na Lamu katikati ya mwaka 1889, akiukwepa ulinzi wa manowari za Waingereza. Alidai anakwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Ikweta ambaye kwa asili alikuwa Mjerumani aitwaye Eduard Schnitzer. Kisingizio hicho kilikuwa kimepitwa na wakati, kwa kuwa Henry Morton Stanley alikuwa amekwisha kumtoa Emin huko na kumfikisha Bagamoyo ilipotimu Desemba mwaka huo. Peters aliufuata Mto Tana, akapanda uwanda wa Laikipia, akapigana na Wamaasai, akashuka hadi Baringo Januari 1890, kisha akashika njia ya Mumias. Huko alizikuta barua za Frederick Jackson, mtu wa kampuni ya Waingereza aliyekuwa ameenda kuwinda upande wa Mlima Elgon. Alizifungua, akazisoma, akajua kwamba Kabaka Mwanga alikuwa akiomba msaada. Akakimbilia Mengo na kumpa Mwanga mkataba atie sahihi.

Endapo mkataba huo ungesimama, huenda wakazi wa Nakuru wangekuwa wamejifunza Kijerumani shuleni. Haukusimama. Julai 1, 1890, serikali za London na Berlin zilikubaliana tena. Ujerumani iliiacha Witu na kufuta madai yake juu ya Uganda, ikaukubali ulinzi wa Uingereza juu ya Unguja, nayo ikapewa kisiwa kidogo cha Heligoland kilichoko katika Bahari ya Kaskazini. Jasho lote la Peters likawa kazi bure. Eneo zima kati ya Mombasa na Ruwenzori likabaki kwa Waingereza, ambao sasa walikuwa na swali la kujiulizana wao kwa wao: ligawanywe vipi?

Himaya mbili, bwana mmoja

Kampuni ya IBEA, iliyopewa kibali cha kifalme mwaka 1888 ili isimamie biashara na utawala, ilifilisika upesi. Serikali ya Uingereza ikalazimika kuubeba mzigo yenyewe. Mwaka 1894 iliitangaza Uganda kuwa himaya, na katikati ya mwaka 1895 ikatangaza Himaya ya Afrika Mashariki, kati ya pwani na Uganda.

Himaya hizo mbili ziliendeshwa na Wizara moja ya Mashauri ya Kigeni mjini London, lakini kila moja ilikuwa na kamishna wake, askari wake na hesabu yake ya fedha. Nchi iliyo kati ya ukingo wa Bonde la Ufa na Ziwa Viktoria ilitazamwa kama njia tu ya kuifikia Buganda. Maadamu waliokuwa wakiihitaji njia hiyo ni maofisa wa Uganda, ilikabidhiwa Uganda.

Hivyo ndivyo Eldama Ravine, ambayo leo ni mji wa kawaida katika Kaunti ya Baringo, ilivyopata kuwa kituo cha maana sana cha serikali ya Uganda. Misafara iliyotoka Kikuyu ilipumzika hapo kabla ya kuupanda Mau. Novemba 1895 msafara mmoja wa Wakikuyu na Waswahili, ukirudi kutoka Ravine, ulishambuliwa na Wamaasai katika bonde la Kedong, na mamia ya watu wakauawa. Uchunguzi wa afisa John Ainsworth ulionyesha kwamba msafara ndio ulioanza uchokozi. Mfanyabiashara wa Kiskoti, Andrew Dick, aliyejitia kulipiza kisasi, naye aliuawa.

Ni Eldama Ravine pia ambako, Septemba 1897, askari wa Kisudani waliokuwa nguzo ya jeshi la Uganda waliasi. Walikuwa wamechoshwa na safari zisizokwisha, mshahara duni na kutengwa na wake zao, na sasa walitakiwa kwenda kaskazini pamoja na Meja Macdonald bila kuambiwa waziwazi waendako. Waligeuka, wakaandamana hadi ngome ya Lubwa huko Busoga, na humo wakamuua Meja Thruston. Vitabu vya shule huuhesabu uasi huo kuwa ni historia ya Uganda, na ni sawa. Ila ulizuka mahali ambapo leo ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Nakuru.

Reli ya nchi gani?

Kuna utani wa siku nyingi miongoni mwa Wakenya kuhusu Reli ya Uganda. Husemwa kwamba Waingereza waliita reli jina la nchi ambayo reli yenyewe haikufika. Utani huo una kosa. Bunge la Uingereza lilipoipitisha sheria ya reli hiyo mwaka 1896, Kisumu, ambako hatimaye iliishia, ilikuwa ndani ya Uganda. Reli ilipoteremka ukingoni, kwanza kwa mitambo ya kuvuta mabehewa kwa kamba za chuma na baadaye kwa madaraja, ilikuwa inaingia Uganda. Iliifikia Nakuru mwaka 1900. Desemba 1901 ikafika ufuoni mwa ziwa, mahali palipopewa jina la Port Florence. Ikiwa na urefu wa kilomita 930 hivi kutoka Mombasa, na baada ya kugharimu maisha ya wafanyakazi takribani 2,500 kutoka Bara Hindi, Reli ya Uganda ilikuwa imefika Uganda kweli.

Ilidumu huko kwa muda wa miezi isiyotimia minne. Kisha nchi ikahamishwa, reli ikabaki palepale.

Sababu kuu ya kuhamisha mpaka ilikuwa ni reli hiyohiyo. Waziri wa Mashauri ya Kigeni, Lord Lansdowne, hakuona maana ya njia moja ya chuma kuwa chini ya serikali mbili, kila moja na mahakama zake na polisi wake. Kulikuwa na mapendekezo mengine. Sir Harry Johnston, aliyekuwa kamishna maalum wa Uganda kati ya 1899 na 1901, alitaka himaya zote mbili ziunganishwe na makao makuu yajengwe juu ya uwanda wa Mau, kwenye hewa baridi. Wazo lake lingekubaliwa, huenda mji mkuu wa Afrika Mashariki nzima ungekuwa Molo au Njoro, na Nairobi ikabaki stesheni ya matope.

Badala yake ilitolewa amri mwezi Machi 1902. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulikatwa na kuwa mikoa miwili ya Himaya ya Afrika Mashariki: Kisumu na Naivasha. Mpaka mpya uliwekwa mbali magharibi, ukifuata mito ya Sio na Malaba, ukapanda Mlima Elgon na kushukia Mto Suam. Huko nako uliwagawa watu. Wateso, Wasamia na Wasabaoti wakajikuta wana ndugu ng'ambo ya pili ya mto, walio raia wa himaya nyingine.

Jambo la pili lililosukuma badiliko hilo lilikuwa ni ardhi. Sir Charles Eliot, kamishna wa Himaya ya Afrika Mashariki, alitaka walowezi wa Kizungu, na aliamini kwamba bila wao reli isingeweza kujilipia gharama. Nyanda zilizofaa zaidi kwa ng'ombe na ngano zilikuwa ndani ya Bonde la Ufa. Sasa zilikuwa mkononi mwake. Katika mwaka wa 1903 Lord Delamere alipewa ekari 100,000 karibu na Njoro.

Maeneo yaliyotolewa kwa Wayahudi

Kabla ya wino wa amri hiyo kukauka, ardhi iliyohamishwa ilipata mwombaji mwingine asiyetarajiwa. Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alipanda treni kutoka Mombasa Desemba 1902, akatazama nje ya dirisha na kuvutiwa na hali ya hewa. Aliporejea London alimpa wazo Theodor Herzl, kiongozi wa vuguvugu la Kizayuni, kwamba Wayahudi waliokuwa wakiteswa nchini Urusi wangeweza kupewa makao huko. Agosti 1903, katika mkutano wao mkuu mjini Basel, Uswisi, wajumbe 295 dhidi ya 178 walikubali tume ipelekwe kukagua.

Mpango huo hujulikana duniani kote kama Mpango wa Uganda. Ukweli ni kwamba eneo lenyewe ni Uasin Gishu, ambako leo kuna mji wa Eldoret, nalo lilikuwa limekoma kuwa Uganda mwaka mmoja kabla. Bila shaka Chamberlain alikuwa bado na ramani ya zamani kichwani. Walowezi wachache waliokuwa wamewasili, Delamere akiwa mbele yao, walipiga kelele. Watu watatu wa tume walizuru uwanda huo mwanzoni mwa 1905, na mkutano mkuu wa mwaka huo ukaukataa mpango wote. Waliokuja kukaa badala yake, kuanzia mwaka 1908, ni Makaburu wa Afrika Kusini waliowasili na magari ya kukokotwa na ng'ombe.

Wenyeji wenyewe

Hadi hapa kisa hiki ni cha Wazungu wanaokabidhiana nchi. Waliokuwa wakiishi humo, na ambao kwa lugha yao maziwa haya ya bonde yaliitwa majina yanayotumika hadi leo, walikuwa ni Wamaasai. Wao hawakuwa na mpaka ukingoni wala Kedong. Ng'ombe walikuwa wakichungwa kutoka Laikipia hadi Kilimanjaro kufuatana na mvua.

Agosti 1904, Kamishna Sir Donald Stewart alitia saini mkataba na viongozi wa Wamaasai, Olonana (Lenana) akiwa wa kwanza miongoni mwao. Wamaasai walikubali kuliacha Bonde la Ufa, yaani Naivasha, Nakuru na maeneo ya kandokando ya reli, wakagawanywa katika hifadhi mbili: moja Laikipia kaskazini, nyingine kusini, ikipakana na nchi ya Wajerumani. Waliahidiwa kwamba mapatano hayo yangedumu kadiri kabila lao litakavyodumu. Yalidumu miaka saba. Mwaka 1911 waliambiwa wahame Laikipia pia, waende kusini, kwa sababu walowezi walikuwa wameitamani.

Kilichofuata ndicho sehemu inayostahili kusomwa na kila Mkenya, nayo husahauliwa mno. Wamaasai hawakushika mikuki. Walikodi wakili, wakaishtaki serikali. Kesi iliyofunguliwa kwa jina la Ole Njogo na wenzake, huku Ole Gilisho, kiongozi wa Laikipia, akiwa msukumaji wake, iliamuliwa mwaka 1913, kwanza na Mahakama Kuu na kisha na mahakama ya rufaa. Walidai kwamba mkataba wa 1904 ulikuwa ungali na nguvu, na kwamba waliotia saini ule wa 1911 hawakuwa na mamlaka ya kuwasemea wote.

Majaji hawakuyachunguza madai hayo hata kidogo. Walisema kwamba Himaya ya Afrika Mashariki si ardhi ya Uingereza bali ni nchi ya kigeni inayolindwa tu. Kwamba Wamaasai si raia wa Uingereza. Na kwamba mikataba yao na Mfalme ni mikataba kati ya mataifa, ambayo mahakama za kawaida haziwezi kuiingilia. Yaani Wamaasai walishindwa kesi kwa sababu walihesabiwa kuwa taifa lenye mamlaka yake. Taifa hilo lenye mamlaka lilikuwa limekwisha kuanza kuswagwa na askari kutoka Laikipia pamoja na ng'ombe wake. Ni vigumu kupata katika vitabu vya sheria vya Afrika Mashariki hukumu inayomnyang'anya mtu kwa kumheshimu namna hiyo.

Amin afungua ramani

Mpaka wa 1902 ulilala usingizi kwa miaka mingi. Uliongezewa kipande kimoja mwaka 1926, wakati Mkoa wa Rudolf, yaani nchi ya Waturkana iliyo magharibi mwa ziwa, ulipohamishwa kutoka Uganda kwenda Kenya. Amri ya mwaka huohuo iliyoeleza mipaka ya Kenya ndiyo inayorejelewa hadi leo. Julai 1964, wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Cairo waliazimia kwamba mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru iheshimiwe, izuri ama mibaya.

Halafu Februari 15, 1976, Rais Idi Amin wa Uganda akatangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, hadi kilomita 32 hivi kutoka Nairobi, ilikuwa ya Uganda kihistoria, pamoja na eneo la kusini mwa Sudan. Alisema haiombi kwa vita, lakini hakuna aliyemwamini mtu yule kwa neno lake.

Kinachochekesha, kama kicheko kinaruhusiwa hapa, ni kwamba Amin hakuwa amebuni historia. Ramani aliyoitegemea ilikuwa ya kweli, na Nakuru, Naivasha na Kisumu zilikuwemo. Kosa lake lilikuwa katika hitimisho. Uganda aliyoitaja haikuwa dola ya Waganda wala ya Wanubi. Ilikuwa ni kitengo cha utawala cha Waingereza, kilichopunguzwa na Waingereza haohao kwa urahisi uleule waliotumia kukipanua. Na ikiwa madai ya kihistoria yangefuatwa, wa kwanza foleni wangekuwa Wamaasai na Wanandi, si Entebbe.

Kenya ilijibu kwa ukali. Rais Jomo Kenyatta alisema haitatolewa hata inchi moja, maandamano yakafanywa katika miji mbalimbali, na wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakakataa kushughulikia mizigo ya Uganda. Hilo la mwisho lilimuuma Amin zaidi, kwa kuwa nchi yake isiyo na bahari ilitegemea reli iliyopita Nakuru kupata mafuta. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amelegeza kamba, akasema hana nia ya kupigana. Uhasama ulipanda tena Julai mwaka huo, baada ya makomando wa Israeli waliovamia uwanja wa Entebbe kutia mafuta Nairobi wakati wa kurudi, na haukutulizwa hadi Agosti kwa maafikiano. Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda katika wiki hizo ndio walioulipia ugomvi huo, wengine kwa maisha yao.

Mengine ya namna hiyo

Ulaya nako kuna nchi zilizohamishwa zikiwa zimesimama. Tirol ya Kusini, penye wasemaji wengi wa Kijerumani chini ya milima ya Alps, ilikuwa ya Austria hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 uliikabidhi Italia. Mussolini alipiga marufuku shule za Kijerumani na kubadilisha majina ya miji, Bozen ikaandikwa Bolzano. Mwaka 1939 yeye na Hitler waliwapa wenyeji chaguo la ajabu: ama wabaki wawe Waitaliano, ama wahamie Ujerumani. Wengi walichagua kuondoka, na takribani 75,000 waliondoka kweli. Baada ya vita, Austria na Italia zilipatana mwaka 1946, zikagombana tena hadi shauri likafika Umoja wa Mataifa mwaka 1960, na ni katiba ya utawala wa ndani ya mwaka 1972 iliyotuliza mambo. Austria ilitangaza rasmi mwaka 1992 kwamba mzozo umekwisha.

Tofauti na Bonde la Ufa ni kwamba kule mpaka ulibaki ulipo, na ugomvi ukamalizwa kwa kuwapa wakazi mamlaka juu ya shule, lugha na kodi zao. Hapa mpaka wa nje ulikubalika, ugomvi ukaingia ndani.

Kwa maana Nakuru haikuwahi kuwa na mgogoro wa maana juu ya kuwa Kenya au Uganda. Mgogoro wake ni nani mwenyeji. Mashamba ya walowezi yaliyokatwa katika ardhi ya mwaka 1904 yalinunuliwa baada ya uhuru na watu wa makabila mbalimbali, wengi wao wakiwa wazao wa vibarua wa Kikuyu waliokuwa wakiishi na kufanya kazi humo tangu enzi za Delamere. Wapo Wakalenjin waliodai ni ya mababu zao, na wapo Wamaasai wanaokumbusha kwamba walikuwepo kabla ya wote. Mjadala wa majimbo wa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulihusu hilo. Mapigano ya Molo, Njoro na Enoosupukia katika miaka ya 1990, na yale ya Nakuru na Naivasha mwezi Januari 2008, yalihusu hilo pia, hata kama yalivalishwa joho la uchaguzi.

Agosti 2004, karne moja baada ya mkataba wa Stewart, wafugaji wa Kimaasai waliandamana Nairobi na kwingineko wakidai ardhi yao, huko Laikipia wengine wakavunja nyua za mashamba makubwa na kuingiza ng'ombe. Walisema muda wa mkataba ulikuwa miaka 99 na ulikuwa umekwisha. Serikali ilijibu kwamba haiutambui mkataba huo wa kikoloni, ikatuma polisi. Kusema kweli, mkataba wa 1904 haukutaja miaka 99 popote. Ulitaja muda mrefu zaidi, kama ilivyoelezwa hapo juu. Lakini hati za umiliki za walowezi ndizo zilizokuwa na miaka 99 na baadaye 999, na si ajabu kwamba mtu anayesimuliwa mambo hayo na babu yake akichunga ng'ombe huzichanganya karatasi mbili zilizoandikwa na mwandishi mmoja.

Upande wa magharibi, mzozo wa kisiwa cha Migingo katika Ziwa Viktoria, uliofurika magazetini kuanzia mwaka 2009, ulizirudisha timu za wapimaji wa Kenya na Uganda kwenye amri ya 1926. Rais Yoweri Museveni alikiri mwaka huo kwamba mwamba wenyewe ni wa Kenya, ila akasisitiza kuwa maji wanamovua wavuvi ni ya Uganda. Vituo vya mpakani vya Busia na Malaba vimebaki ambako amri ya 1902 iliviweka, kilomita mia tatu hivi kutoka pale ukingoni ambapo wachuuzi wa Limuru huuza ngozi za kondoo.